Hivi Tabora tunashindwa nini kuuza majitaka yaliyosafishwa kwa wakandarasi na wafyatua matofali?

Boza la Isevya (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, na mwadila kwa wale wa nyumbani.

Mimi ni mtu wa boza, gari la tenki la maji, lita elfu kumi, mwaka wa sita huu niko nalo hapa Tabora mjini. Kazi yangu kubwa ni kupeleka maji saiti, za barabara, za majengo, na kwa wafyatua tofali. Sasa wiki iliyopita nimekaa foleni ya kujaza toka saa kumi na moja alfajiri, mbele yangu maboza manne nyuma matatu, na wote tunajaza maji safi ya bomba. Nikawa nawaza tu. Haya maji ni ya Ziwa Victoria, yamevutwa Ihelele kule Misungwi, yakasafishwa, yakasukumwa mpaka Solwa, yakaja Nzega, yakafika huku, umeme umeliwa njia nzima na klorini juu. Afu mimi nayachukua naenda kuyamwaga kwenye kifusi ili greda lisitimue vumbi!! Niliwaza mpaka zamu yangu ikanipita, jamaa wa nyuma akaingia na akanipigia honi kabisa.

Kipindi kile tunategemea bwawa la Igombe na mgao unapiga, kila mama hapa mjini alikua anajua kutumia maji mara mbili, ya kuoshea mchele yanaenda kwenye vyombo vya kwanza, ya vyombo yanadekia choo, ya kufulia yanamwagiwa mpapai. Hakuna aliyefundishwa semina. Sasa mji mzima una mabwawa ya majitaka, maji yanaingia yananuka yanatoka upande wa pili yametulia yanaenda zake porini, na mimi nipo foleni nagombania maji ya kunywa kwa ajili ya vumbi.

Swali langu, kwanini yale ya mabwawani yasiwekewe bomba la kujazia, tuuziwe kwa bei ya chini, sisi wa ujenzi tuachane na maji ya kunywa? Kuna kitaalamu kinakataa au ni basi tu? Wajuzi njooni.

---

Kijana wa Cheyo

Nimekaa pale 🪑

---

Ng'wana Unyanyembe

Boza umeongea kitu ambacho kilinikaa kichwani toka 2021 ule mradi wa Victoria ulipozinduliwa. Watu tulifurahi maji yamekuja tukasahau kwamba maji yakija mengi na majitaka yanakuja mengi, hayapotei yanabadilisha jina tu. Dodoma kule Swaswa watu wanalima pembeni ya mabwawa miaka yote, na Moshi pale Mabogini wanalima mpunga kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka. Ila hao ni wakulima, kwa upande wa viwanda na ujenzi hapa kwetu sijawahi kusikia.

---

Mama Lishe Stendi

Hapana hapana hapana. Naomba niseme kabla hamjaenda mbali.

Nilishaishi mji mwingine, siutaji, kuna jamaa alikua na boza analeta maji ya ujenzi anachota kwenye dimbwi, jioni boza lile lile anapita mtaani anauza kwa madumu. Tulinunua mtaa mzima. Mwanangu wa pili alilazwa siku tano, harisha tapika mpaka macho yameingia ndani. Tumekuja kujua baadae sana, tena kwa utingo wake waliyegombana nae hela. Sasa leo mnataka boza zikajaze majitaka kihalali? Kaka wa Isevya wewe unaweza kua muaminifu, na yule wa nyuma yako aliyekupigia honi je?

---

Boza la Isevya

Mama hapo sina jibu, pole sana kwa mtoto. Na nisiwe mnafiki, hata mimi boza langu likitoka saiti jioni huwa napeleka maji kwa watu. Boza ni moja.

---

Mhandisi Mstaafu

Vijana heshima. Nimefanya kazi za maji miaka mingi mikoa tofauti, niwasaidie kidogo, nitaandika ndefu mnivumilie.

Kwanza mabwawa yanafanyaje kazi. Bwawa la kwanza linakua refu kwenda chini, mita 3 mpaka 5 hivi, halina hewa, pale uchafu mzito unazama na vijidudu visivyohitaji oksijeni vinautafuna, ndo panaponuka. La pili ni la mita moja na nusu hivi, utaliona la kijani, ile kijani ni mwani, mchana mwani unatoa oksijeni na vijidudu vingine vinaitumia kumalizia kazi. La tatu ni fupi kina, kama mita moja, jua linapenya na kuua vimelea. Hakuna mashine hapo, hakuna umeme, ni muda tu na jua, na jua Tabora halijawahi kuwa tatizo. Mayai ya minyoo yanazama chini maji yakikaa siku 8 mpaka 10 na kuendelea.

Kiwango chetu cha kumwaga majitaka yaliyosafishwa kinaitwa TZS 860 (sio shilingi, ni namba ya kiwango cha Tanzania), kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD 60, na chembe zinazoelea 100. BOD ni kipimo cha ni kiasi gani cha oksijeni kitaliwa na uchafu uliobaki, ikiwa juu maana yake maji bado yana njaa, na COD ni ndugu yake inayopimwa kwa kemikali. Bwawa likitunzwa linakaribia hapo. Lisipotolewa tope miaka na miaka linajaa, maji yanapita juu juu yanatoka kama yalivyoingia, na hapo hata kwenye kifusi sikushauri.

Pili, mjue kwamba kila kazi ina maji yake. Kule California, El Segundo, kuna mtambo toka 1995 unatoa maji aina tano kutoka majitaka yale yale, ya bustani, ya minara ya kupozea, ya boila ya presha ndogo, ya boila ya presha kubwa, na ya kurudisha ardhini. Kila mteja analipia usafi anaouhitaji. Sasa mtu wa kumwagia barabara hahitaji maji ya boila, na mtu wa boila ukimpa maji ya bwawani baada ya miezi kadhaa mabomba yake yameota gaga ndani kama birika la kijijini.

Kwa hiyo jibu la swali la boza, kitaalamu hakikatai. Kinachokataa nitakisema baadae, nakwenda swala.

---

Kijana wa Cheyo

Mzee kaacha tamthilia njia panda 😂

---

Mchumi wa Kijiweni

Mnaota ndoto za mchana wakuu, ngoja niwape hesabu. Majitaka ya kuuza yako wapi? Mji huu nyumba ngapi zimeungwa kwenye bomba la majitaka? Wengi wetu tuna shimo nyuma ya nyumba, likijaa unaita gari la kunyonya, au kama una eneo unachimba lingine. Maji ya Ihelele yanaingia ndani kwa bomba yanatokea kwenye shimo yanazama ardhini. Huwezi kuuza kitu ambacho hujakikusanya.

Tuchukulie tu mfano, kaya 1,500 zimeunganishwa, watu watano kila kaya, ni watu 7,500. Kila mmoja anatumia lita 80 na asilimia 80 ya hizo ndo inaingia kwenye bomba, yani lita 64. Zidisha, lita 480,000 kwa siku, ndo yuniti 480. Sasa mabwawa yana uso wa tuseme hekta tatu, kiangazi hiki jua na upepo vinanyanyua milimita 5 kwa siku, hekta moja ni yuniti 50 zimepaa, hekta tatu 150. Umebaki na 330, hapo sijatoa yanayozama chini ya bwawa.

Yuniti 330 kwa siku unamuuzia nani?? Durban kule Afrika Kusini walijenga mtambo 2001 uwezo wake lita milioni 47 na nusu kwa siku, wateja wake walikua kiwanda cha karatasi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Chennai kule India mwaka 2019 waliwasha mitambo miwili, kila mmoja lita milioni 45 kwa siku, yanaenda viwandani. Sisi kiwanda gani? Tumbaku tunalima hapa inasindikwa Morogoro. Kiwanda cha nyuzi kililala miaka mingapi. Asali haihitaji maji, ikiingia maji imeharibika 😂. Hamna mteja, hamna bidhaa, mnajadili duka.

---

Boza la Isevya

> Yuniti 330 kwa siku unamuuzia nani??

Mchumi soma hiyo namba yako tena taratibu. Yuniti 330 ni lita laki tatu na thelathini elfu, boza langu lita elfu kumi. Ni trip 33!! Sisi foleni yote ile asubuhi tulikua maboza nane. Tukipiga trip nne nne kutwa ni 32. Umenitafutia mteja mwenyewe afu unasema hamna mteja.

---

Ng'wana Unyanyembe

😂😂😂 Mchumi kajifunga goli

---

Mchumi wa Kijiweni

Sawa nimekuelewa, lakini ni mfano tu ule, kaya nimezitunga. Na bado nina la pili. Masika je? Kuanzia Novemba mvua inapiga mpaka Aprili, barabara hazijengwi, vumbi hamna, tofali hazifyatuliwi kwa sababu hazikauki. Miezi yote hiyo watu wanaenda chooni kama kawaida na mvua inaongeza maji kwenye mabwawa. Duka lina mzigo wakati hamna mnunuzi, na kiangazi mnunuzi yupo mzigo unapaa angani. Ni nani ataweka hela kwenye biashara ya miezi sita?

---

Boza la Isevya

Sisi wa maboza tunaishi hivo hivo mkuu, miezi sita unakula miezi sita unakula akiba na kufanya matengenezo. Nimezoea.

Ila nikwambie kitu ambacho wewe hukukipiga kwenye hesabu na ndo kinachonisumbua mimi. Kwenye boza maji ni hela ndogo, hela iko kwenye dizeli. Mkandarasi ananilipa kutokana na umbali. Kama saiti iko upande wa mabwawa, nikijaza pale naokoa maji na naokoa mafuta. Kama saiti iko upande wa pili wa mji, hata wanipe maji bure nimekula hasara. Kwa iyo sio kwamba boza zote zitahama, zitahama za upande ule tu. Mimi hilo halinisumbui, kila mmoja akitoka kwenye foleni ya maji safi ni trip nne kutwa zinabaki kwa watu.

---

Wa Mwanga Kigoma

Poleni ndugu zetu, sisi Kigoma tuna Tanganyika, kina mita 1,470, mtu akikuambia habari ya kurudia maji ya chooni unamuona mgonjwa 😎 Sisi tunachota tu.

---

Ng'wana Unyanyembe

@Wa Mwanga Kigoma na mnamwaga wapi? Shimo la jirani likifurika masika pale kwenye mteremko linaelekea wapi kama sio ziwani kwenye dagaa? Kina kirefu hakikusaidii, unachota pembeni na unachafua pembeni.

---

Wa Mwanga Kigoma

Hapo kwenye dagaa umenigusa bwana. Nimenyamaza. Ila kweli kule kwetu wakamua mawese wanatumia maji mengi na yale machafu yake yanamwagwa hovyo, labda wao ndo waanze kurudia ya kwao wenyewe kabla hatujafika kwenye vyoo.

---

Shekhe Mdogo wa Gongoni

Assalaam aleikum. Nimesoma uzi wote. Watu wa mji huu wengi ni Waislamu na kuna swali hamjaliuliza, najisi. Mtu atanunua tofali iliyomwagiwa maji ya choo ajengee nyumba, na wengine tunajengea misikiti.

Kifiqhi, yani kwa sheria za dini, maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi hayo ni najisi. Swali ni je yakirudi katika hali yake? Hili lilishajadiliwa, mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba majitaka yakisafishwa kikamilifu mpaka ladha, rangi na harufu ya najisi vimeondoka yanakua twahara, na yanafaa hata kutawadhia, isipokua wakashauri watu wayaepuke kwenye kunywa kwa sababu ya afya. Lakini tazameni neno, kikamilifu. Haya ya bwawani mhandisi anasema yanatoka ya kijani. Hayo kwangu hayajafika. Kwa vumbi la barabara sioni tatizo. Kwa fundi wa saiti kutawadha kwenye boza hilo, hapana.

---

Mama Lishe Stendi

Na huyo fundi atajuaje shekhe? Ndo nachosema mimi. Boza limesimama, jua kali, bomba linatoka maji, kijana ana kiu. Atakunywa. Mmewahi kuona fundi anauliza maji yametoka wapi?

---

Mhandisi Mstaafu

Nimerudi. Mama ndiye mwenye akili kuliko sote humu, mimi na digrii zangu nasema hivyo. Kile nilichosema kinakataa ndicho hicho hicho. Duniani kote mradi wa namna hii unaogopwa kwa jambo moja, maji mawili kukutana. Wenye hela wanaweka bomba la pili. Marekani na Australia bomba la maji haya linapakwa rangi ya zambarau mji mzima, ukichimba ukikuta zambarau unajua usiguse. Na bado kuna mahali fundi alichanganya, akaunganisha la zambarau na nyumba ya mtu, watu wakanywa. Sasa huko ni bomba limezikwa. Boza lina matairi, leo liko hapa kesho liko kwa mama ntilie.

Kwa hiyo kama mimi ningeulizwa, ningeanzia hapa. Boza la majitaka yaliyosafishwa ni boza la hayo tu, halirudi kwenye maji safi maisha yake yote, na rangi yake iwe tofauti mpaka mtoto wa chekechea ajue. Mdomo wa kujazia kule bwawani uwe wa saizi ambayo mpira wa boza la kawaida hauingii. Hiyo ya pili ndo nzuri zaidi maana haitegemei uaminifu wa mtu, chuma kinakataa chenyewe.

Afu maji yenyewe. Kabla hayajaingia kwenye boza yapite kwenye chujio la mawe na mchanga, kwa sababu ule mwani utaziba matundu ya bomba la kunyunyizia, Boza utakua unashuka kila dakika kumi kuchokoa na waya. Na klorini ukiitia kwenye maji yenye mwani inaisha kwa mwani, vimelea vinabaki, ni hela imemwagwa. Toa mwani kwanza.

Matumizi, kushindilia kifusi na kuzuia vumbi, sawa. Kumwagilia zege lililokwishashika, sawa ila tazama lisiwe zege la tenki la maji. Kuchanganyia zege lenye nondo, mimi nakataa. Majitaka yana chumvi, bwawa haliondoi chumvi, tena jua likinyanyua maji chumvi inabaki inazidi, na chumvi inakula nondo kimya kimya unakuja kuona kutu miaka kumi mbele. Kuosha magari kwa ile pampu ya presha pia nakataa, maji yanakua moshi kijana anavuta puani kutwa nzima. Vitalu vya miche ya miti, karibuni sana, ile mbolea iliyomo ni bure.

---

Kijana wa Cheyo

Zambarau 😂 yani Tabora mizambarau yote hii afu rangi ndo inakuwa ya maji ya choo. Watoto wakiliona boza watalikimbilia wakidhani limeleta zambarau.

---

Mama Lishe Stendi

Hiyo ya mdomo usioingia nimeipenda. Rangi siiamini, rangi inapakwa usiku mmoja.

---

Ng'wana Unyanyembe

Mimi nawashangaa mnavyoogopa, Windhoek pale Namibia wanakunywa kabisa toka 1968! Mtambo wa Goreangab, wakajenga mpya 2002, lita milioni 21 kwa siku. Nchi kame kama sisi tu au zaidi. Singapore toka 2003 wanayo yao wameyapa mpaka jina, NEWater, yanaenda kwenye viwanda vya vifaa vya umeme maana ni masafi kuliko hata ya bomba, mengine yanachanganywa kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Sisi tunabishana habari ya vumbi.

---

Mhandisi Mstaafu

Mwanangu Windhoek majitaka ya viwandani yanatenganishwa na ya majumbani toka mwanzo, na maji yanapimwa usiku na mchana, kipimo kikikataa mtambo unasimama. Singapore wanapitisha kwenye vichujio ambavyo tundu lake hulioni hata kwa hadubini ya shuleni, afu mwanga wa kuua vimelea. Hiyo ni umeme na maabara na nidhamu. Usilete mfano wa paa wakati hatujachimba msingi. Nakupenda lakini.

---

Mwanasheria wa Kitete

Nipite haraka. Boza usije ukaenda na pampu yako ukatumbukiza bwawani, hayo ni mali ya mamlaka ya maji na ni wao wenye kibali cha kutiririsha kutoka bodi ya bonde, kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Huku kwetu bonde ni la Ziwa Tanganyika, maji ya Igombe yanaenda Malagarasi, kwa hiyo jamaa wa Kigoma aliyecheka juu ajue yanayotoka huku mwisho wa siku yanamfuata yeye. Wakitaka kuuza lazima kuwe na bei iliyopitishwa na EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na upande wa mazingira wapo wasimamizi wa mazingira wa taifa. Anza na barua.

---

Wa Mwanga Kigoma

Jamani mbona leo kila mtu ananigeukia mimi 😭

---

Mchumi wa Kijiweni

Barua. Haya tutakutana humu humu 2040.

---

Boza la Isevya

MREJESHO, wiki tatu baadae.

Wakuu samahani nilipotea, kazi. Nimeenda, barua nimeandika nimepeleka kwa mkono, nimegongewa muhuri, jamaa aliyepokea alikua muungwana akaniuliza we boza lako umechoka nalo? Nikamueleza akacheka, akaniita pembeni akasema wewe sio wa kwanza kuuliza ila wewe ndo wa kwanza kuandika. Majibu bado.

Siku hiyo hiyo nikaenda kukaa njia inayoingia mabwawani, chini ya muembe, na chapati zangu na chai. Nilikua natafuta jibu la Mchumi, majitaka yako wapi. Mpaka saa nane mchana nimehesabu magari ya kunyonya tisa yakiingia kumwaga. Tisa! Yani lile shimo la nyuma ya nyumba yako Mchumi ndo bomba letu la majitaka, ila lina matairi na injini. Nikaongea na dereva mmoja, ni mtu wangu wa zamani tulisukuma maroli pamoja, akaniambia wako wengine hawafiki pale, wanamwaga njiani porini usiku kuokoa dizeli na ile ada ya kumwaga. Ni dizeli ile ile ninayolalamika mimi. Kwa iyo yeye anakimbia kuyaleta na mimi naogopa kuyafata, na sababu yetu moja.

Kingine msinicheke. Nilichota chupa moja kwenye maji yanayotoka mwisho, kwa ruhusa ya mlinzi. Ya kijani kama mlenda uliopoa. Nimeiweka dirishani stoo siku tatu, ile kijani ikashuka chini juu yakabaki meupe kidogo, harufu sio ya choo ni ya dimbwi la vyura. Afu nikapata madumu mawili zaidi, nikafyatua tofali 20 za simenti zote kwa maji ya bomba, kumi nikawa namwagilia ya bomba, kumi ya bwawani, siku 14. Jana nimezidondosha toka kiunoni moja moja na fundi wangu anatazama. Za bomba zimevunjika mbili, za bwawani mbili. Sasa sijui hiyo inathibitisha nini.

---

Mhandisi Mstaafu

Inathibitisha kwamba hujatumia mashine ya kukandamizia. Tofali ishirini sio kipimo, lakini ni mwanzo wa mtu anayetaka kujua. Glavu ulivaa?

---

Boza la Isevya

Nilivaa za kuoshea vyombo.

---

Mhandisi Mstaafu

Na ukazirudisha jikoni?

---

Boza la Isevya

Mzee acha tu. Mke wangu aliiona ile chupa dirishani akauliza nini hii, nikasema maji. Akauliza ya wapi, nikachelewa kujibu. Glavu, chupa, madumu, vyote viko nje ya geti mpaka leo, na mimi nilikaribia kulala huko huko.

---

Shekhe Mdogo wa Gongoni

Zile tofali kumi naomba zisije huku kwetu kwenye ukuta wa madrasa 🙏

---

Mchumi wa Kijiweni

Tisa mpaka saa nane. Tuseme kila gari lita elfu tano, ni yuniti 45. Yale ni mazito kuliko ya bomba, yanataka bwawa lake la kushushia tope kwanza, huwezi kuyaingiza kwa pamoja yataua mabwawa. Lakini wale wanaomwaga porini usiku ukiwarudisha... ngoja nikae chini na karatasi. Mhandisi nitakupigia inbox.

---

Mama Lishe Stendi

Kaka wa Isevya, na ile habari ya boza moja? Hujaijibu kwenye mrejesho.

---

Boza la Isevya

Mama nimeijibu ila niliona aibu kuandika. Kuna boza kuukuu la marehemu kaka yangu limelala kwa fundi miaka miwili, injini imekufa tenki zima. Nimeanza kulifufua. Hilo ndo litakua la huko, hili langu litabaki la maji ya watu, hata kama majibu ya barua hayaji. Mdomo wa chini nimeshamwambia fundi aukate aweke wa saizi nyingine, anasema saizi hiyo haipo Tabora mpaka aagize Mwanza. Na rangi ya zambarau maduka matatu hamna, kaniambia nichanganye nyekundu na bluu.

---

Mama Lishe Stendi

Ukishapaka weka picha hapa. Mbele, nyuma, na namba za gari zionekane.